Kosa Lisilo na Mwenyewe

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga waliosema hayo walimkusudia mgeni wa mchana, apigaye hodi akaulizwa jina lake na atokako. Sikumbuki methali iliyomkusudia yule anayeshuka ufukweni kabla ya alfajiri.

Tarehe 13 Mei 1978, usiku ungali mzito, mamluki wapatao 50 waliteremka Ngazija kutoka katika meli iliyong'oa nanga Ufaransa. Kiongozi wao alikuwa Bob Denard, mtu aliyekwisha kupigana Katanga na Yemen. Rais Ali Soilih alikamatwa, na mwezi haukwisha ila naye amekwisha kuuawa. Ni Denard huyo huyo aliyemsaidia Soilih, mwaka 1975, kumkamata Ahmed Abdallah kisiwani Nzuani. Sasa alikuja kumrejesha Abdallah madarakani. Akakaa. Alisilimu, akaitwa Said Mustapha Mhadjou, akaoa, na kwa miaka 11 kikosi cha ulinzi wa rais kikawa chini ya mkono wake: askari Wakomoro, wakuu wazungu, fedha zikitoka kwa serikali ya makaburu ya Afrika Kusini, ambayo nayo ilipata visiwani mlango wa kukwepea vikwazo.

Siulizi kama hayo yalikuwa maovu. Nauliza ni ya nani. Ufaransa haikumtuma, ndivyo ilivyosemwa. Denard kwa upande wake alidai kuwa aliitumikia nchi yake. Alipenda kusema kwamba hakuhitaji taa ya kijani, ya manjano ilimtosha. Dhulma yote ilipita katika mwanga huo wa manjano.

Watasema siri ni ada ya vita. Naam, lakini siri ni mbili. Kuficha shauri la vita ni hila inayokwisha vita vikisha. Kumficha mwenye vita huendelea kudhuru baada ya bunduki kunyamaza. Kwetu watu wa mwambao, haki ya mja haifutiki kwa toba ya faragha: mdhulumu hana budi kumwendea aliyemdhulumu, amtake radhi. Vita vya siri huikata njia hiyo. Aliyefiwa hana wa kumdai wala wa kumsamehe, na hasira isiyojua mlango wa kubisha humrudia jirani. Nani aliwafungulia? Nani alikula nao? (Na wapo waliokula nao, hilo lisifichwe, mgeni wa usiku haioni njia pasi na mwenyeji wa kumshikia kandili. Ila mwaliko wa mtu mmoja anayetaka kiti si mwaliko wa kisiwa.)

Novemba 1989 Abdallah mwenyewe alipigwa risasi ndani ya ikulu, Denard akiwamo chumbani. Mahakama ya Paris ilimwachia huru mwaka 1999. Kabla ya hapo, Septemba 1995, alikuwa amerudi tena visiwani na kumpindua Said Mohamed Djohar, na baada ya siku chache majeshi ya Ufaransa yakaja kumwondoa. Kwa tendo hilo alihukumiwa mwaka 2006, kifungo kisichomfikisha gerezani, na mahakama ikakiri kwamba idara za ujasusi za Ufaransa zilikuwa na habari za mpango ule. Hapo, walau mara moja, kosa lilikaribia kupata mwenyewe. Lakini maneno hayo yalisemwa Paris, si Moroni, na idara zenyewe hazikuwa kizimbani.

Denard alifariki Oktoba 2007. Katika siku zake za mwisho maradhi yalikuwa yamekwisha kumpokonya kumbukumbu. Hata lau angalikwenda mjane wa Ngazija akaketi ubavuni pa kitanda chake, akamwuliza kwa upole ni nani aliyemtuma, asingalipata wa kumjibu.