Siku za Mgonjwa Ni Zake

Mgonjwa wa Kitale au Bungoma ambaye saratani yake imeshasambaa hupewa rufaa kwenda Eldoret, na akiwa huko anaweza kuombwa jambo zito: akubali kujaribiwa dawa ya kemo ambayo bado haijulikani kama itafaa. Swali hili ni la kidini kabla halijawa la kitabibu. Je, ni haki kumwomba mtu aliyebakiza siku chache azitoe kwa ajili ya watu asiowajua? Naamini ni haki, mradi aambiwe waziwazi kwamba anaombwa kutoa. Sadaka hutolewa na anayejua anachotoa. Anayechukua siku za mtu kwa kumwahidi uponyaji amemwibia, hata kama maarifa yatakayopatikana yataokoa maelfu.

Ushahidi kwamba kutoa huko huwafaa wengine tunao. Kati ya 2013 na 2018, watu 334 wenye VVU na sakoma ya Kaposi iliyokithiri, saratani ile inayoacha mabaka meusi na kuvimbisha miguu, walishiriki jaribio lililofanyika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil. Wote walipata ARV. Juu ya hizo, kwa kura, wengine walitundikiwa dripu ya paclitaxel, wengine bleomycin na vincristine, na wengine wakapewa etoposide ya kumeza. Hiyo ya kumeza ilivutia, na si ajabu: inamfaa anayeishi mbali na wodi yenye wauguzi wa kutia kemo. Machi 2016 kundi lake likafungwa, maana lilikuwa limeachwa nyuma. Kufikia wiki ya 48, waliokuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele walikadiriwa kuwa asilimia 20, dhidi ya 50 kwa paclitaxel. Leo daktari anajua achague ipi kwa sababu kura iliwaangukia wengine vibaya. Katika majaribio ya awali kabisa mambo ni makali zaidi, kwani huko kipimo huongezwa kundi kwa kundi mpaka madhara yazuie kuongeza zaidi, na lengo ni kukijua kikomo hicho.

Wapo wasemao kwamba kumwambia mgonjwa ukweli huo kutaua tumaini lake. Sikubali. Bungoma ina Marafiki (Quaker) wengi, Wakristo ambao tangu mwanzo walikataa viapo kwa kuwa neno la kila siku lapaswa kuwa kweli. Imani ya namna hiyo haihitaji daktari amdanganye mgonjwa ili aendelee kumtumaini Mungu.

Pingamizi la pili ni zito: maskini asiye na tiba nyingine hachagui, anasukumwa. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini kumzuia asishiriki ni kumwamulia tena, na ugonjwa huu wa Kaposi umeelemea zaidi Afrika yetu. Usipochunguzwa hapa utachunguzwa wapi? Kinachotakiwa ni kwamba kukataa kusimgharimu kitu. Aliyesema hapana apate matibabu yaleyale ya kawaida, mofini ya maumivu, na heshima ileile ya muuguzi. Naye aliyekubali ana haki nyingine, ambayo fomu ya idhini haiimalizi kwa sahihi: dawa iliyoshinda ifike kwa majirani zake. Paclitaxel ni dawa ya zamani, inatengenezwa na viwanda vingi. Mgonjwa wa Kaposi anayeikosa Kitale leo anadai kitu kilichokwisha kulipiwa.