Mwito na Mwenye Kuita

Ndugu Muislamu, katika nchi hii ya Migori na Homa Bay adhana ya alfajiri mara nyingi hutoka katika ulimi wa Kijaluo. Kule ufuoni, Sori na Mbita, saa hiyo ndiyo mashua za omena zirudipo na taa zake, na wachuuzi wameshazizunguka. Mwenye kuyaacha mapatano yakiwa moto akaenda kutawadha, huyo ameitika. Lakini yuko mwengine, hana mashua wala mzigo, amekaa barazani anamcheka muadhini kwa kuwa ain hakuitoa mahali pake.

Huyu twamuuliza: umeitwa na nani? Mwaka wa 8 wa Hijra (630), siku ya kufunguliwa Makka, Mtume (s.a.w.) alimwamrisha Bilal, aliyekuwa mtumwa, aadhini juu ya Alkaaba. Baadhi ya wakubwa wa Kikureshi wakachukia. Wala hawakuyajadili maneno, walimtazama aliyeyatamka. Kibri hakidiriki kusema kuwa hakimtaki Mwenyezi Mungu, basi humtafutia aibu mjumbe.

Ama matamshi yana elimu yake, wala hatuyapuuzi. Kosa ligeuzalo maana yapasa lirekebishwe. Lisilogeuza, katika madhehebu yetu ya Kishafi, halibatilishi adhana. Basi mwenye kujua na amfundishe muadhini faraghani, kwa upole, baada ya sala, akiwa naye amesimama katika safu moja na yule mvuvi ambaye nguo zake zingali zanuka samaki.