Nani Amlilie Iimu? Huzuni na Wajibu katika Ngano za Kifantasia za Ukambani

Utangulizi

Hadhira ikiulizwa ni wakati gani unaotia huzuni kuliko yote katika ngano za mazimwi, aghalabu hutaja ule wa kumezwa: mtoto aliyetumwa maji asirudi, au msichana aliyemfuata mume mzuri wa sura asijue kuwa amefuata zimwi. Jibu hilo lina mashiko, lakini halitoshelezi. Makala haya yanadai kuwa katika ngano za Kitui na Makueni huzuni iliyo kubwa zaidi huja baadaye, hadhira inapokuwa tayari inashangilia. Dai hilo linazua suala la kimaadili: je, msikilizaji ana wajibu wowote wa kumhurumia adui aliyestahili kufa?

Ngano zenyewe, ambazo Wakamba huziita mbano, zimehifadhiwa vyema kimaandishi. Msomi wa Uswidi, Gerhard Lindblom, alichapisha mikusanyo yake katika miaka ya 1920 na 1930. Baadaye John Mbiti, aliyezaliwa Mulago, Kitui, mwaka 1931, alitoa mkusanyo wake, Akamba Stories, mwaka 1966. Mbiti alijulikana zaidi kama mwanatheolojia hadi alipofariki mwaka 2019, na jambo hilo lina umuhimu wake katika hoja inayofuata, kwa kuwa nadharia yake kuhusu wafu inaweza kutumiwa kuzisomea ngano alizozikusanya.

Kidole cha mwisho

Mhusika mkuu wa kutisha katika ngano hizi ni iimu, wingi wake aimu. Katika mapokezi mengi iimu humeza watu na ng'ombe wao, mpaka anapotokea shujaa, mara nyingi kijana asiyetarajiwa, akamshinda. Anapokata roho, iimu humwagiza shujaa amkate kidole kidogo. Kidole kinapokatwa, waliomezwa hutoka wakiwa hai, pamoja na mifugo yao, na kijiji kizima hurudi nyumbani.

J. R. R. Tolkien, katika mhadhara wake wa mwaka 1939 kuhusu hadithi za ajabu, alishikilia kuwa kazi iliyo kuu ya hadithi hizo ni kuliwaza, yaani kuleta mgeuko wa ghafla unaorudisha furaha pale matumaini yalipokwisha. Kidole cha iimu ni mgeuko wa aina hiyo hasa. Hata hivyo, mhakiki hana budi kuuliza mgeuko huo umetoka kwa nani. Shujaa ameshinda, lakini hakujua siri ya kidole. Aliyeitoa siri hiyo ni adui mwenyewe. Aliyemeza ndiye anayerudisha, tena katika pumzi yake ya mwisho. Kisha waliorudishwa wanaondoka kwa nyimbo, naye anaachwa pale alipoanguka. Hakuna anayemuuliza kwa nini amefanya hivyo. Hakuna hata anayemuuliza jina lake, na ngano haimtaji ila kwa aina yake: iimu.

Iimu na jina

Kukosa jina si jambo dogo katika falsafa ya Wakamba kama Mbiti alivyoieleza. Katika African Religions and Philosophy (1969), akitumia maneno ya Kiswahili Sasa na Zamani, alieleza kuwa mtu aliyekufa huendelea kuishi maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Huyo bado ni wa jamaa na hutengewa chakula na kinywaji kidogo. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemfahamu, marehemu huyo huzama katika Zamani, hupoteza jina, na huwa mmoja wa mizimu isiyojulikana. Katika Kikamba mizimu hiyo huitwa aimu.

Neno ni lile lile. Kiswahili nacho kimehifadhi undugu huo, kwani zimwi, mzimu na kuzimu ni maneno ya shina moja. Tukiziweka ngano na nadharia hiyo pamoja, iimu anapata sura mpya. Anaweza kusomwa kama mtu wa zamani aliyesahauliwa na wote. Njaa yake isiyo na kikomo inakuwa njaa ya asiyetengewa tena chakula na yeyote. Anawameza watu wa kijiji, nao huenda ni vitukuu vyake wasiomjua, wala yeye hawajui. Methali ya Kiswahili yasema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Iimu wa ngano hizi hula akamaliza kwa sababu kujuana kumekatika pande zote mbili.

Usomaji huu una uzito wa pekee katika nchi kavu ya Kitui na Makueni. Wakamba wameyapa majina makame yao, na lile la mwishoni mwa karne ya 19 waliliita Ngomanisye, yaani lililoenea kila mahali. Katika njaa ya namna hiyo watu hufa njiani mbali na kwao, na jamaa nzima huweza kumalizika asibaki wa kumpa mjukuu jina la babu yake. Si lazima kudai kuwa ngano za aimu zilitokana na njaa hiyo. Bila shaka ni kongwe kuliko hiyo. Linalodaiwa ni kwamba hadhira iliyopitia Ngomanisye ilikuwa na sababu ya kujua kuwa mwenye njaa asiye na jina si lazima awe mgeni.

Pingamizi

Pingamizi tatu zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya kiisimu: kushirikiana neno hakuthibitishi kushirikiana dhana, na fanani anayesimulia juu ya iimu hana haja ya kumfikiria babu yake. Hoja hii ni ya kweli. Ndiyo maana makala haya yanazungumzia usomaji, si imani ya fanani. Hata hivyo, fasihi simulizi huishi ndani ya lugha, na lugha hukumbuka mengi ambayo msemaji ameyasahau.

Ya pili inamhusu Mbiti mwenyewe. Okot p'Bitek aliwashutumu wasomi wa Kiafrika, Mbiti akiwa mmoja wao, kwa kuivika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kiyunani. Shutuma hiyo inagusa zaidi mjadala kuhusu Mungu. Suala la majina ya wafu linasimama kwenye desturi ya kuwapa watoto majina ya mababu, ambayo haikuhitaji Wayunani.

Ya tatu ndiyo nzito. Aristotle alifundisha kuwa huruma humstahili anayepatwa na mabaya asiyoyastahili. Iimu ameyastahili. Kumlilia ni kuwasaliti aliowameza. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama huruma ingekuwa sawa na msamaha. Lakini ngano yenyewe imekwisha kutenganisha mambo hayo: iimu lazima auawe kwanza, na hakuna fanani anayependekeza aachwe. Huruma inayodaiwa hapa haibatilishi hukumu. Inakuja baada yake. Wala haiwanyang'anyi waliomezwa chochote, kwani wao wamerudi. Ni mmoja tu asiyerudi.

Tolkien anaweza kusaidia tena. Katika The Lord of the Rings (1954–1955), Gollum aliyeharibiwa na Pete anamkaribia Frodo aliyelala, na kwa kitambo kifupi anakaribia kuwa tena mtu aliyekuwa zamani, Sméagol. Sam anaamka, anamkaripia, na nafasi hiyo inapotea. Katika barua ya mwaka 1963 Tolkien aliutaja wakati huo kuwa pengine ndio wa kusikitisha zaidi katika kisa chote. Vita na vifo ni vingi katika kitabu hicho, lakini mwandishi alichagua wakati ambapo mtu mwema hakutambua kuwa adui amebadilika. Waliokizunguka kidole cha iimu wako katika hali ile ile ya Sam, ila wao wana udhuru mdogo zaidi: wamekwisha kupokea zawadi.

Hitimisho

Ngano za aimu hufundishwa kwa kawaida kama mafunzo ya ushujaa na tahadhari kwa watoto. Mafunzo hayo yamo, na yabaki. Lakini mwalimu anayeishia kwenye shangwe anawafundisha wanafunzi kuwa adui akishakufa hana kisa. Swali la kuwauliza, baada ya kidole kukatwa na ng'ombe kuhesabiwa, ni jepesi: huyu aliyelala hapa alikuwa nani, na kwa nini hakuna aliyemjua? Ngano hailijibu. Hadhira inayoliuliza haimrudishi iimu, lakini inarudi nyumbani ikiwa na sababu ya kuyataja majina ya wafu wake kabla hayajasahauliwa.