Kichwa cha Habari na Jina la Jirani

Gazeti likifika dukani hapa Bariadi husomwa na mmoja na kusikiwa na wengi, nao wengi huondoka na kichwa cha habari tu. Basi yafaa tuulize: kichwa kile chaweza kumdhulumu nani?

Twatwaa mfano wa kwetu. Katika miaka ya 2007 hadi 2009, Bariadi ilipokuwa bado katika mkoa wa Shinyanga, watu wenye ualbino waliuawa katika nchi za Ziwa na watu waliotafuta utajiri kwa viungo vyao. Magazeti yalifanya vema kuupigia kelele uovu huo, na ni kweli kwamba baadhi ya waganga walishiriki. Lakini magazeti ya ng'ambo yaliandika juu ya habari hizo neno moja la Kiingereza linalomchanganya mganga na mchawi. Kumbe sisi Wasukuma tunao bafumu na tunao balogi: mfumu hutafutwa aponye, mlogi huogopwa kwa kuwa hudhuru. Kwa neno lile moja, mzee achimbaye mizizi ya dawa na kuwaheshimu wahenga wake alihesabiwa pamoja na mwuaji. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa kienyeji, wema na wabaya pamoja, ingawa sheria ya mwaka 2002 ilikuwa imekwisha kuitambua tiba asili.

Labda Mkristo atasema, "Dini ya wahenga yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Karani Mkristo akiiba fedha za chama cha pamba, kichwa cha habari husema, "Karani Aiba", hakisemi, "Mkristo Aiba." Wa kwetu hubeba kosa lake peke yake, wa dini nyingine hubebeshwa pamoja na ndugu zake wote. Mnunuzi wa pamba mwenye mizani mbili twamwita mwizi. Je, sisi tupimao majina ya watu kwa mizani mbili tuitweje?

Wengine hujitetea kwa methali ya kwamba samaki mmoja akioza, wote huoza. Lakini watu si samaki wa tenga moja; kila mtu ana matendo yake, naye atayajibia mwenyewe.

Basi tusisubiri waandishi watengenee kwanza. Tuulize: nani alitenda, wapi, na je, dini yake ndiyo iliyomtuma? Naye asomaye dukani kwa sauti, asome mpaka mwisho.