Chunga Ki- Unayomtia Mtu



Wajukuu zangu, juzi nilikuwa stendi ya Nanenane hapa Dodoma, nasubiri basi la Mpwapwa. Mpiga debe mmoja akaita, "Dogo, njoo umshushie bibi mzigo!" Kijana akaja mbio, anacheka, akaushusha. Haukupita muda, abiria aliyekuwa anadai chenji akamnyooshea kidole kijana yuleyule: "Kale katoto kanajifanya hakasikii." Kijana hakujibu neno. Kicheko chote kilimtoka usoni.

Maneno yote mawili yanataja udogo. La kwanza lilimpa ndugu, la pili likamtoa katika watu. Nimeona niwaambie kwa nini.

Neno "dogo" la mtaani limetoka nyumbani. Hata mzee wa miaka themanini anaweza kuwa na mdogo wake. Tuna baba mdogo na mama mdogo, na mama mdogo anaweza kuwa mrefu kuliko mama yako na sauti yake ikatikisa ua mzima. Neno hilo halipimi mwili, linataja nani alitangulia kuzaliwa. Anayekuita dogo kwa wema amejipa kazi ya kaka: akuelekeze, akutetee, akugawie chakula chake.

Ki- na ka- ni habari nyingine. Kijito ni mto mdogo, kilima ni mlima mdogo, kijiko ni mwiko mdogo. Kiswahili cha pwani kilikaa na ki-. Lugha nyingi za bara, Kisukuma na Kinyamwezi zikiwamo, husema ka-, na wingi wake tu-. Kiswahili kilipopanda huku kwetu, watu wa bara walikiongezea ka- yao, ndiyo maana mwalimu anakusahihisha ukiandika "katoto". Sahihisho lake nalikubali. Ninachowaomba ni mtazame kinachotokea katika sentensi. "Mtoto yule amekuja." "Kitoto kile kimekuja." Mmeona? Kitenzi kimegeuka. Mtoto sasa anakwenda sawa na kiti kile na kikapu kile. Mama akisema "katoto kangu" huku amempakata mwanawe, mikono yake inamrudishia mtoto utu wote ambao ka- imeuondoa. Wewe unayesema hivyo stendi hujampakata mtu.

Msidhani kila ki- ni tusi. Kiongozi ana ki-, kinyozi ana ki-, hata ninyi vijana mnayo, na tunasema kijana amekuja, hatusemi kimekuja. Lakini tulirithi pia kipofu, kiwete na kilema. Mimi nimekua nikiyasema bila kufikiri, na jirani yetu asiyeona alikuwa akiitwa hivyo kila siku, jina lake tukalisahau. Hilo linaniuma mpaka leo. Nendeni Buigiri, wilayani Chamwino. Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilianzisha pale shule ya watoto wasioona, na leo inaitwa Buigiri Wasioona. Sikilizeni jina hilo linavyoanza: wa-, kama watu, kama walimu, kama wazazi. Sheria yetu ya mwaka 2010 nayo inasema watu wenye ulemavu, neno watu likitangulia. Hata hivyo msikimbilie kubadilisha kila kitu kwa niaba ya wengine. Chama cha Viziwi Tanzania kimejiita viziwi, na kina haki hiyo. Mwenye jina ndiye wa kuulizwa.

Kuna kosa jingine ambalo mnajifanyia wenyewe. Binti mmoja aliniambia, "Babu, nina kashamba ka zabibu kule Hombolo." Nikamuuliza ni ukubwa gani. Ekari moja. Nikamwambia, mjukuu wangu, mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ekari moja inayokulisha mara mbili ni shamba. Unyenyekevu ni mzuri mbele ya wazee. Mbele ya mnunuzi anayepanga bei, au ofisa wa mkopo, ukisema kashamba umeshaanza kupunguza bei kabla yake. Vivyo hivyo kabiashara, kakazi, kanyumba. Kama unaamka alfajiri kwenda huko na jioni unarudi na chakula cha watoto, sema kazi.

Yule kijana wa stendi sikumuuliza jina. Basi lilikuwa linaondoka na nilikuwa na haraka zangu. Nikirudi wiki ijayo nitamtafuta nimuulize. Nanyi mkipita Nanenane, mwenye kuwabebea mizigo mwulizeni jina lake, mumwite kwa hilo.