Nguo za Mtoto Ajaye
(Luka 2:7, Ezekieli 16:4–6)



Katika habari za kuzaliwa kwake Bwana, Luka ametaja vitu vichache mno. Hakutuambia kama mkunga alikuwapo, wala hakutaja saa ya usiku. Lakini nguo za mtoto amezitaja, tena mara mbili: kwanza mama anapomvika mwanawe, na mara ya pili malaika anapowapa wachungaji ishara ya kumtambua. Chumba Maria hakukipata. Kitanda cha mtoto hakuwa nacho, ikambidi atumie hori la wanyama. Lakini nguo zilikuwapo. Je, zilitoka wapi? Luka hasemi. Sisi twadhani zilitoka Nazareti, zimefungwa ndani ya mzigo wa safari. Maana mwanamke aliyekaribia kujifungua haanzi safari ya siku nyingi pasipo kufikiri juu ya nguo hizo.

Twaliandika jambo hili kwa ajili ya sharika za Mbulu na Hanang hasa, kwa kuwa nchi hii ni ya baridi. Mwezi wa Juni na wa Julai upepo huvuma katika nyanda hizi za juu hata mzee aliyevaa koti hutetemeka. Na Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya meta 3,400, husimama umejifunika mawingu. Mtoto mchanga hutoka tumboni amelowa, na mwili uliolowa hupoteza joto upesi. Joto lake lapasa kuwa kati ya 36.5 na 37.5, likishuka chini ya hapo, mtoto hulegea, hanyonyi vema, na maradhi humpata. Kwa hiyo wakunga hufundishwa hivi: mtoto akaushwe mara moja kwa kitambaa kikavu, na hicho kilicholowa kiondolewe, kisha alazwe kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, afunikwe kwa kitambaa cha pili, avikwe kofia. Tena asiogeshwe mpaka saa 24 zimepita.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 kwa kazi ya wamisionari wa Norway, nayo sasa i chini ya Dayosisi ya Mbulu, imekuwa mahali pa kujifunza mambo haya. Ilikuwa miongoni mwa hospitali nane za Tanzania ambamo, toka mwaka 2009 hata 2012, wakunga walifundishwa kumsaidia mtoto asiyevuta pumzi katika dakika yake ya kwanza. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa 47 katika kila 100. Nalo somo lile huanza na nini? Huanza na kumkausha mtoto. Kitambaa huja kwanza, na kifaa cha kupulizia hewa hufuata baadaye. Basi mama aketiye mlangoni pake akipinda ukingo wa kitambaa cha mtoto asidhani kwamba kazi yake ni ya kupoteza wakati.

Lakini wako miongoni mwetu wasemao, Haifai kumwandalia nguo mtoto asiyezaliwa bado, maana ni kumwita mauti. Hatupendi kuwacheka. Neno hilo halikuzaliwa katika upumbavu, bali katika nyumba zilizozika watoto wachanga, ambamo mama alirudi akakuta nguo na hakuna wa kuzivaa. Uchungu huo twaujua. Hata hivyo mauti haihitaji kuitwa kwa sindano, wala haizuiliwi na sanduku tupu. Na mtoto aliyezaliwa hai, akakosa kitambaa kikavu, ameongezewa hatari. Hana, mkewe Elkana, alikuwa amelia miaka mingi, naye akaahidi habari za mwana kabla hajapata mimba. Na baadaye mwaka kwa mwaka alimshonea Samweli kanzu ndogo akampelekea hekaluni. Kila mwaka ilimpasa kukisia mtoto amekua kiasi gani, kwa kuwa hakukaa naye. Mwenye kushona nguo ya mtu asiyemwona ashona kwa tumaini.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Kanga iliyofuliwa mara nyingi hukausha maji kuliko kanga mpya, maana wanga umekwisha kutoka. Mkiwa na doti moja kuukuu, ikateni: nusu ni ya kumkaushia mtoto, nusu ni ya kumfunika, na mbeleko itafuatia. Mafundi wa cherehani mnaowaona barazani huko Mbulu, Dongobesh na Katesh hutupa vipande vya vitenge kila siku, viombeni. Vipande hivyo, vikiunganishwa kimoja kimoja, kisha kuwekewa tabaka la blanketi kuukuu katikati na kushonwa pamoja kwa nyuzi za mistari, hupata kuwa mfarishi mzuri wa mtoto. Msijaze sponji, kwa sababu haikauki wakati wa masika. Mfarishi usiwe mzito, wala usifike usoni pa mtoto. Chini yake ndipo mahali pake. Na mwanamume asiseme kwamba sindano ni ya wanawake, hali mafundi wale wa barazani walio wengi ni wanaume, naye Mtume Paulo alikula kwa kazi ya kushona mahema.

Wala kushona si jambo lililoletwa na wageni. Kabla ya pamba kufika huku, watu walishona ngozi. Wanawake wa Kidatoga hushona sketi ya ngozi iitwayo hanang'weanda, nao huihesabu kuwa kitu cha heshima kuu, kinachohusu uzazi wenyewe. Wengine huivaa hata leo. Wasichana wa Kiiraqw walitunga shanga juu ya ngozi kwa uvumilivu mwingi. Mikono yajua kushona tangu zamani. Shida yetu iko mahali pengine, nayo ni hii: nani ashonewe?

Tusifiche neno. Mke wa ndoa akiwa mjamzito, mama mkwe huleta kanga, dada huleta sweta, na Umoja wa Wanawake hupita kumwombea. Lakini msichana aliyepata mimba nyumbani kwa baba yake haletewi hata uzi. Zamani Wairaqw walikuwa na desturi ya kutengwa iitwayo metimani, na msichana wa namna hiyo aliondolewa penye nyumba za watu, kwa kuogopa kwamba mimba yake italeta mabaya juu ya nchi. Twasema tumeiacha desturi hiyo. Je, tumeiacha kweli? Hatuli naye Meza ya Bwana mpaka arudi kundini, na nidhamu hiyo ya Kanisa hatukusudii kuipinga hapa. Lakini nidhamu yahusu Meza. Haikusema neno juu ya kofia ya mtoto.

Nabii Ezekieli alipotaka kuuonyesha Yerusalemu jinsi ulivyoachwa, hakupata mfano mkali kuliko huu: mtoto aliyezaliwa, asikatwe kitovu, asioshwe, asivikwe nguo, akatupwa uwandani, na jicho lolote lisimhurumie. Ndipo Bwana akapita karibu, akamwamuru aishi. Hakuuliza kwanza habari za baba yake. Tena kumbukeni kwamba Maria naye alionekana kuwa na mimba kabla hajakaa na Yusufu, na Yusufu, aliyekuwa mtu wa haki, alikusudia kumwacha kwa siri. Hatufananishi mimba ile takatifu na dhambi ya mtu yeyote. Lakini majirani wa Nazareti hawakutokewa na malaika. Waliona tumbo tu, kama sisi tunavyoona. Tungalikuwako, je, tungalimpa kitambaa?

Huko Yafa, Tabitha alipokufa, wajane walisimama wakilia, wakamwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Walionyesha nguo walizopewa watu wasio na wa kuwatetea.

Basi twawaomba ninyi walimu wa Injili na wazee wa mitaa: katika kila mtaa liwekwe sanduku moja, na ndani yake vifurushi vilivyo tayari. Kifurushi kimoja kiwe na vitambaa viwili vikubwa, nepi sita, soksi, kofia, na mfarishi mmoja. Vyote vifuliwe kwa sabuni, vianikwe juani, vipigwe pasi pande zote mbili, vifungwe katika kitambaa safi. Msiandike jina juu yake. Kifurushi kipelekwe na mama mmoja mwenye umri, wala si mwanamume, naye aende mchana, kwa mlango wa mbele, ili jirani waone. Akae, anywe chai, amwulize binti anaendeleaje na kama amekwisha kwenda kliniki. Asingoje mwezi wa tisa. Kofia zifumwe za vipimo viwili: moja ya mtoto aliyetimiza miezi yake, na nyingine ya kuenea ngumi ya mwanamume tu, kwa ajili ya wale wanaokuja kabla ya siku zao.