TAA ZINAWAKA, RAFU NI TUPU!

Usiitupe karatasi hii, wala usifungie njugu. Isome mpaka mwisho. Habari yake ni ya duka, lakini mwisho wake ni wewe na mimi.

DUKA LILILOJULIKANA

Je, unaikumbuka Nakumatt? Ilianzia Nakuru, na jina lake lilitoka kwa mji huo na magodoro yaliyouzwa pale. Ikakua, ikawa supamaketi. Mwaka 2008 ikaingia Kigali, 2009 Kampala, 2011 Moshi kule Tanzania. Mwaka 2014 ikachukua maduka 3 ya Shoprite huko huko Tanzania. Ikawa na matawi zaidi ya 60 katika nchi 4, na mengine hayakufungwa usiku wala mchana. Wengine wetu tulikuwa tunaingia kuangalia tu, tukitoka tumeshika mkate mmoja.

Kumbe chini kulikuwa na deni! Kazi ya supamaketi iko hivi: mwenye maziwa na mwenye unga wanaleta mali leo, wanalipwa baadaye. Lakini mteja analipa pale pale kaunta. Sasa pesa ya mwenye maziwa ikienda kufungua tawi lingine, yeye atalipwa na nini? Anaambiwa ngoja. Anangoja mwezi, anangoja miezi. Siku moja anachoka, haleti tena. Na asipoleta, mteja haji. Na mteja asipokuja, hakuna kitu cha kumlipa yeyote.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2017 rafu zikaanza kubaki tupu. Taa zinawaka, askari yuko mlangoni, msichana wa kaunta amevaa sare yake safi, lakini ukitafuta sukari huipati. Wenye majengo nao wakadai kodi zao, milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Januari 2018 kampuni ikawekwa chini ya msimamizi kwa amri ya korti. Madeni yalikuwa yamepita shilingi bilioni 30. Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Matawi 6 yaliyokuwa yamebaki yakauzwa kwa Naivas. Maelfu ya wafanyakazi wakarudi nyumbani kwa watoto wao mikono mitupu.

USINYOSHE KIDOLE

Ndugu yangu, sikuandika haya ili tucheke. Katika Luka 13 Yesu alitaja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Je, alisema hao walikuwa wabaya kuliko wengine? Hapana! Aliwageukia waliokuwa wanamsikiliza, akawaambia watubu wao. Mimi sijui moyo wa mwenye duka. Yeye ana Hakimu wake. Lakini moyo wangu naujua.

Hebu nikuambie ukweli. Mimi, mhubiri wa Injili, nilikuwa na deni la shilingi 1,400 kwa kioski cha mama mmoja jirani. Unga, mafuta, sabuni, vyote aliandika kwa kitabu. Nilipokosa pesa nikaanza kupita njia ya nyuma, huko kwenye matope, ili asinione. Jioni nashika maikrofoni, napaaza sauti, "Yesu anaokoa!" Watu wanasema amina. Siku moja tukakutana ana kwa ana kisimani. Hakunitukana. Alisema tu, "Pasta, mimi nitaogopa kuokoka. Nikiokoka nitaanza kupita njia ya nyuma."

Jamani! Sikulala usiku ule. Taa zangu zilikuwa zinawaka, lakini rafu zilikuwa tupu.

YESU ANAANGALIA RAFU

Soma Ufunuo 3. Kanisa la Sardi lilikuwa na sifa nzuri huko nje, watu wanasema liko hai. Lakini Bwana aliliona limekufa. Mtu anaangalia ubao wa jina, Yesu anaangalia rafu. Wewe unaimba kwaya, je, nyumbani kuna amani? Unatoa sadaka, je, msichana wako wa kazi umemlipa? Yakobo 5 inasema mshahara uliozuiliwa unalia, na kilio hicho kinafika masikioni mwa Bwana. Na wewe uliyefanya kazi ukaachwa bila haki yako, sikia: Mungu hakupitwa na kilio chako.

Wengine tulikuwa na ile kadi ya pointi. Ulikuwa unanunua, unaongeza pointi. Duka lilipofungwa, pointi zile utazipeleka wapi? Ndivyo ilivyo dini bila wokovu. Unahesabu miaka ya kanisani, unahesabu vyeti vya ubatizo, kumbe huna kitu mbinguni.

DAWA IPO!

Deni la dhambi huwezi kulilipa, hata ukiuza shamba. Wakolosai 2:14 inatuambia hati ya deni letu ilipigiliwa misumari msalabani. Imelipwa kwa damu! Lakini angalia Zakayo katika Luka 19. Yesu alipoingia kwake, hakusema, "Nimesamehewa, basi yameisha." Alisimama akaahidi kurudisha mara nne. Hakurudisha ili anunue wokovu. Yesu alikuwa ameshaingia nyumbani, ndiyo maana mkono ukafunguka.

Mimi nilimwendea yule mama na shilingi 200, nikapiga magoti. Nililipa kidogo kidogo kwa miezi 5. Siku ya mwisho alikata jina langu kwa kalamu, na Jumapili iliyofuata alikaa kiti cha mbele. Haleluya!

Mpendwa, usingoje mpaka mlango ufungwe. Sema sala hii kwa imani:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimeonekana mzima nje, lakini ndani ni mtupu. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Futa deni langu, ingia moyoni mwangu, unipe nguvu ya kurudisha nilichodhulumu. Amina."

Kama umeomba hivyo, mwone mhubiri aliye karibu nawe hapa mkutanoni. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu, soma Biblia yako kila siku. Na kesho asubuhi, ndugu yangu, pita njia ya mbele.